Mlango wa Pili Kushoto

Niliandika anwani kwenye karatasi ya kufungia mikate,
nikaikunja mara nne, nikaitia ndani ya glavu.
Mwanamke aliyepokea simu hakuniuliza jina.
Alisema tu: saa kumi na mbili jioni, kuna chai.
Siku, sikuiuliza.

Grudziądz ilikuwa imeganda hadi kwenye kope.
Tramu ikapita, nikaiacha. Ya pili, nikaiacha.
Ya tatu ilinikuta mbele ya duka la pombe
nimeshahesabu sarafu bila kujua nahesabu.
Nikapanda. Sijui nani alinipandisha. Miguu, labda;
miguu ina akili zake
kichwa kikishawekwa rehani.

Mficha maradhi, husemwa, kifo humuumbua.
Mimi niliumbuliwa na buti:
kichupa kiliponyoka, kikabingirika mbele ya tanuri,
mbele ya vijana wawili wanaojifunza kuoka
na Bwana Radzimir, bosi wangu, aliyekiokota,
akakifuta unga kwa aproni, akanirudishia.
Laiti angenifokea.

Shule ya zamani. Korido inanuka chaki na kabichi.
Mlango wa kwanza kushoto ulikuwa wazi,
watu saba, birika, viti vimepangwa duara.
Nikaketi. Nikasubiri kuulizwa.
Mzee mwenye sweta ya kijani akanisogezea
albamu, lenzi na kibano chembamba.
"Hii ni ya mwaka thelathini na mbili. Tazama meno yake,
limevunjika moja tu."

Walikuwa wakusanya stempu.

Nami, kwa haya, nikakaa saa nzima.
Nikasifu meli za bluu, wafalme wa senti tano,
njiwa aliyegongwa muhuri kifuani.
Lakini kibano kilicheza mkononi mwangu
kama ulimi wa kengele, stempu ikaruka,
ikatua kwenye chai ya mtu.
Hakuna aliyecheka. Mzee aliivua kwa kijiko,
akaianika juu ya leso, kisha akaninong'oneza
bila kunitazama, kama anayesoma bei:
"Wenzako ni Alhamisi. Mlango wa pili.
Mke wangu alikuwa akikaa karibu na dirisha."

Alikuwa. Neno hilo nililibeba hadi nyumbani.
Likanizuia Jumanne ile usiku, likanizuia Jumatano asubuhi.
Jumatano usiku halikunizuia.
Sitaki kudanganya hapa.

Alhamisi nilikwenda na harufu mdomoni.
Mwanamke mwenye kucha za fundi magari, Dobrawa,
akasema: ingia, usiiache baridi iingie peke yake.
Mtengeneza lifti alisimulia alivyouza baiskeli ya mwanawe.
Kijana mmoja akalia kwa sababu ya siku nne.
Siku nne! Nilitaka kucheka. Nikazihesabu zangu,
nikakuta ni saa.

Zamu yangu ilipofika, jina lilitoka;
yaliyobaki yakaganda kama ukoko chunguni.
"Zyta," nikasema. "Zyta," wakaitikia.
Basi. Ndiyo ibada yote niliyoiweza.

Hii ni wiki ya kumi na moja. Sijapona,
nimejua ratiba tu: Alhamisi hapa,
Jumapili kwenye chumba nyuma ya kituo cha zimamoto,
na katikati yake simu ya Dobrawa,
inayolia mara mbili kabla hajasema:
uko wapi, baki hapo hapo.
Ndani ya buti langu mna mguu peke yake.

Jumanne nikipita mlango wa kwanza
naacha stempu nilizobandua kwenye barua za mama.
Mzee huinua kibano, kama mtu anayeinua kofia.
Kiti cha karibu na dirisha sijawahi kukikalia.
Alhamisi iliyopita alikikalia mgeni,
koti hajavua, mikono mifukoni, macho kwenye mlango.
Nikampelekea chai. Nusu gilasi tu,
isije ikammwagikia.